Shilingi ishirini kwa siku: nani anaendesha Nairobi, na pesa inatoka wapi

UZI. Haya ni maneno niliyowaambia wakaazi wa mtaa mmoja hapa Nairobi waliotaka kufafanuliwa mambo kabla siasa haijachacha. Nimeyaacha jinsi yalivyosemwa, nikayagawa tu ili yasomeke kwa simu. Sheria ya uzi huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama.

1.
  Nimeambiwa nizungumze kuhusu kaunti na pesa zake, na nikaonywa nisilete Kiswahili cha mahakamani. Basi twende polepole.

Kwenye mikutano ya siasa ya jiji hili hamkosi watu watatu. Wa kwanza anasema, "Nipeni ugavana, nitaweka polisi kila mtaa." Wa pili anasema, "Angalieni mashimo ya Barabara ya Mombasa, gavana amekula pesa." Wa tatu anamalizia, "Tukiingia, kanjo hawatawaitisha hata ndururu, na huduma zitakuwa mara mbili." Watu wanapiga makofi.

Wa kwanza ameahidi kazi isiyo yake. Wa pili amemlaumu mtu kwa barabara asiyoisimamia. Wa tatu amefunga mfereji halafu akaahidi maji.

Mkisikia maneno kama hayo, ulizeni maswali mawili. Hii kazi ni ya nani kisheria? Na pesa yake inatoka mfuko gani? Mengi nitakayosema leo ni kuwasaidia kujibu hayo mawili.

2.
Tumetoka wapi? Wenye mvi hapa mnakumbuka Baraza la Jiji. Sisi tulichagua madiwani, madiwani wakachagua meya. Lakini aliyeshika kalamu ya kila siku alikuwa karani wa jiji, na huyo aliletwa na wizara. Serikali kuu ikikasirika, ingeweza kuvunja baraza lote. Na iliwahi kufanya hivyo: mwaka 1983 baraza la Nairobi lilivunjwa, na jiji likaendeshwa na tume ya kuteuliwa hadi baada ya uchaguzi wa 1992. Karibu miaka kumi mkaazi wa Nairobi hakuwa na diwani.

Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha mambo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, Baraza la Jiji likaisha na Kaunti ya Jiji la Nairobi ikaanza. Kaunti ilirithi majengo, wafanyakazi na madeni. Ikarithi pia jina, ndiyo maana mpaka leo tunasema "kanjo".

Tofauti kubwa ni hii: gavana hatolewi na waziri. Kumng'oa kunahitaji thuluthi mbili ya wawakilishi wadi, kisha Seneti isikize kesi na iamue. Ni vizuri kujua, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anasema "Rais amfute gavana." Rais hana kalamu hiyo.

3.
Nani ni nani sasa? Kuna pande mbili.

Upande wa utendaji una gavana, naibu wake, na mawaziri wa kaunti wasiozidi kumi. Chini yao kuna maafisa wakuu wa idara, halafu wasimamizi wa kaunti ndogo na wa wadi. Hawa ndio wanaokusanya na kutumia.

Upande wa pili ni Bunge la Kaunti: wawakilishi wadi 85 waliochaguliwa, wengine walioteuliwa na vyama, na spika. Kazi yao ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, na kumchunguza gavana. MCA hajengi barabara. Akikwambia "nimewajengea mtaro," muulize: uliujenga kama nani? Kama alisukuma ukawekwa kwenye bajeti, apewe sifa yake. Lakini kazi unayomlipia ni kumwuliza gavana maswali magumu. Na huwezi kumchunguza vizuri mtu unayemwendea kila siku kumwomba miradi.

4.
Ndugu waliotoka Kisumu, Nakuru na Eldoret msichanganye. Huko jiji liko ndani ya kaunti, na lina bodi ya jiji na meneja wake, chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, Eldoret Agosti 2024. Lakini bodi hiyo haina sanduku lake la kura wala hazina yake kamili. Pesa zake zinapitia bajeti ya kaunti. Kwa hivyo hadhi ya jiji peke yake haileti lami. Mkaazi akiambiwa "sasa sisi ni jiji," aulize kaunti imeipa bodi hiyo shilingi ngapi mwaka huu.

Nairobi na Mombasa ni tofauti: jiji lenyewe ndilo kaunti. Gavana ndiye tunayemwuliza mambo ya jiji. Hakuna meya.

5.
Haya, kazi ni ya nani? Jibu liko Jedwali la Nne la Katiba. Nawapa kwa ufupi, muweke kwa friji.

Kaunti: zahanati na hospitali za kaunti kama Pumwani na Mbagathi, ambulensi, takataka, makaburi, masoko, leseni za biashara na za pombe, barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, vituo vya matatu, mitaro ya maji ya mvua, maji na maji taka, zimamoto, mipango ya ujenzi, na masomo ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Serikali ya kitaifa: polisi, mahakama, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, hospitali za rufaa za kitaifa, na barabara kuu. Barabara ya Thika na ya Mombasa ziko chini ya KeNHA. Nyingine nyingi za mjini ziko chini ya KURA, na sisemi kura ya sandukuni, nasema Mamlaka ya Barabara za Mijini.

Sasa oneni ugumu. Chukueni msongamano wa matatu katikati ya mji. Kituo ni cha kaunti. Leseni ya gari ni ya NTSA. Askari wa trafiki ni wa kitaifa. Barabara inaweza kuwa ya KURA. Kila mmoja anaweza kumnyooshea mwenzake kidole na asiseme uongo.

Maji ni vivyo hivyo. Kampuni inayotuletea bili ni ya kaunti, lakini maji mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mabwawa na mabomba makubwa yanajengwa na shirika la kitaifa. Mfereji ukikauka kwako, lawama ina anwani zaidi ya moja.

Lakini takataka? Hapo hakuna pa kujificha. Ni kazi ya kaunti, nukta. Jaa la Dandora lilitangazwa kwamba limejaa mwaka 2001, na malori bado yanaenda huko. Kila anayetaka ugavana aulizwe: baada ya Dandora, ni wapi? Ataje mahali.

6.
Mtu ataniuliza, mbona 2020 tuliona serikali ya kitaifa ikifanya kazi za kaunti? Ni kweli. Tarehe 25 Februari 2020 ilitiwa saini hati ya kuhamisha majukumu manne: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma na mipango ya jiji. Zikaendeshwa na NMS hadi mwisho wa Septemba 2022. Katiba inaruhusu, kifungu cha 187, lakini inasema wazi kwamba dhamana ya kazi hiyo inabaki kwa serikali iliyopewa na Jedwali la Nne. Kwa maneno mengine, unaweza kumwazima jirani jembe akulimie, shamba likabaki lako. Maneno ya kuhamisha kazi yakirudi tena, na huwa yanarudi, ulizeni: nani atatuhesabia pesa, na tukikosa huduma tunamwendea nani?

7.
Tuingie kwa pesa. Mfuko wa kwanza ni mgao kutoka serikali ya kitaifa.

Hapa kuna sentensi inayosemwa vibaya kila siku: "Kaunti zinapewa asilimia 15 ya bajeti." Hapana. Katiba inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Shikeni mambo mawili. Kwanza, hiyo 15 ni sakafu, si dari. Pili, ni ya mapato yaliyokaguliwa, na hayo huwa ya miaka ya nyuma. Ndiyo maana wanasiasa wawili wanaweza kupiga hesabu tofauti kwa neno moja.

Mwaka wa fedha wa 2025/26 mgao wa kaunti zote ulikuwa shilingi bilioni 415. Kila mwaka Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza, na mabunge mawili hupitisha. Namna ya kuzigawia kaunti 47 hupangwa na Seneti kila miaka mitano. Mwaka 2020 mjadala huo uliikwamisha Seneti kwa wiki nyingi. Fomula iliyotoka hapo ilitoa asilimia 20 sawa kwa kila kaunti, 18 kwa idadi ya watu, 17 kwa afya, 14 kwa umaskini, na kilichobaki kikagawiwa kilimo, ukubwa wa ardhi, barabara na miji. Miji ilipata 5. Mtu wa Nairobi husema anaonewa. Mtu wa Turkana humwambia, wewe una lami, mimi sina. Wote wawili wana hoja, na ndiyo maana kazi hiyo ilipewa Seneti, wala haikuachiwa ofisi moja.

8.
Mfuko wa pili ni tunachokusanya wenyewe. Katiba inairuhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majumba, kodi ya burudani, na ada za huduma: maegesho, kibali cha biashara, soko, mabango, kupitisha ramani za ujenzi. Haiwezi kutoza kodi ya mapato wala VAT. Anayeahidi kupunguza VAT na anagombea ugavana, mwambieni amekosea foleni.

Kuna pia misaada yenye masharti, ambayo ikija kwa zahanati haiwezi kwenda kwa mtaro. Na tangu sheria ya 2023, pesa ambazo hospitali ya umma inakusanya zinafaa kubaki hospitalini zinunue dawa. Na ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge si wa kaunti. Ni pesa za kitaifa. Gavana haulizwi darasa la shule ya msingi.

9.
Sasa kalamu na karatasi. Mwaka wa fedha wa 2023/24 Nairobi ilitengewa mgao wa takriban bilioni 20, na yenyewe ikakusanya zaidi ya bilioni 12. Tuseme bilioni 32. Ni pesa nyingi mpaka ukumbuke sisi ni wangapi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073. Gawanya. Kila mkaazi anapata kama shilingi 7,300 kwa mwaka. Gawanya tena kwa siku 365.

Ni shilingi ishirini kwa siku.

Hiyo ndiyo serikali ya jiji yako. Hiyo ishirini ndiyo ikuondolee taka, ikuwashie taa, iwe na dawa Pumwani, iwe na gari la zimamoto, izibue mtaro.

Haijaisha. Kanuni za fedha zinasema mishahara isizidi asilimia 35. Hapo zinaenda shilingi saba. Sheria inataka angalau asilimia 30 iende kwa maendeleo. Hizo ni sita. Zinabaki saba za mambo mengine yote: mafuta ya malori ya taka, bili ya stima ya taa za barabarani, dawa, na madeni. Na hapo ni kama kaunti inafuata sheria. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti zimelalamika mwaka baada ya mwaka kwamba kaunti nyingi zinazidisha mishahara na hazifikishi ile 30 ya maendeleo.

Kwa hivyo mtu akiahidi hospitali tano, stadi mbili na chakula cha bure, sisemi ni mwongo. Nasema atuonyeshe anaitoa kwa shilingi gani kati ya hizo ishirini. Na tukubaliane pia: kwa pesa kidogo hivi, shilingi moja ikiibwa ni taa imezimika mahali.

10.
Ile bilioni 12 tunaikusanyaje? Hapa ndipo haki inapotafutwa.

Mama anayeuza sukuma Muthurwa au nguo Gikomba hulipa kila siku. Hawezi kujificha, meza yake iko nje. Asipolipa, mali inabebwa. Mwenye gari akipaki bila kulipa, gurudumu linafungwa pingu saa hiyo hiyo.

Mwenye ploti kubwa je? Kodi ya ardhi inahesabiwa kwa daftari la uthamini. Sheria ya zamani ilitaka daftari hilo lifanywe upya angalau kila miaka kumi. Nairobi ilikaa kwa miongo ikitumia daftari la miaka ya 1980. Fikirieni Upper Hill ya wakati huo na ya leo. Ardhi ilipanda bei kwa sababu jiji lilileta barabara, maji na watu, lakini kodi ilibaki ikihesabiwa kwa bei za zamani. Na kila City Hall ilipojaribu kupandisha, kelele zilikuwa nyingi na kesi hazikukosa. Serikali ya kitaifa nayo, ambayo inapaswa kuilipa kaunti badala ya kodi kwa ardhi zake, imekuwa kwenye mvutano wa muda mrefu na City Hall juu ya malimbikizi.

Ni rahisi kwa kaunti kumkimbiza mama mboga kuliko kumwandikia barua mwenye ghorofa. Kwa hivyo mgombea akisema "nitaongeza mapato," msipige makofi bado. Muulizeni: kutoka kwa nani? Kwa daftari, au kwa kikapu? Na tuwe wa kweli: wengi wetu hapa tuna kaploti mahali. Daftari jipya litatugusa na sisi. Tusitake taa za bure.

11.
Tatizo lingine ni kuchelewa. Sheria inataka Hazina ya Taifa itume pesa kwa ratiba, lakini magavana hulalamika karibu kila mwaka kwamba mgao umechelewa miezi. Pesa ikichelewa, mshahara unachelewa, madaktari wanagoma.

Anayeumia zaidi ni mtu mdogo aliyeuzia kaunti. Nairobi ndiyo inayoongoza kaunti zote kwa madeni ambayo hayajalipwa, mengine yalitoka kwa lile baraza la zamani. Kijana alikopa benki akaleta vifaa, akapewa karatasi, akangoja. Gavana mpya akiingia, anaunda kamati ya kuchunguza madeni. Kuchunguza ni sawa, kuna madai hewa. Lakini benki haingojei kamati. Na mwenye duka anayejua atalipwa baada ya miaka mitatu atafanya nini? Ataongeza bei. Kwa hivyo deni la kaunti unalilipa wewe hata kama hujawahi kuiuzia kalamu.

12.
Kuna kufuli, wala si kwamba pesa iko wazi. Kaunti haitoi pesa kwenye Hazina yake bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Mwaka ukiisha tarehe 30 Juni, Mkaguzi Mkuu ana miezi sita ya kukagua. Ripoti hizo ni za umma. Mkitaka karatasi mkinyimwa, kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya habari ya 2016 ziko upande wenu.

Lakini kufuli zote hizo zinafunga baada ya mpango kufanywa. Kupanga kwenyewe kuna tarehe, na hapa ndipo nataka mtoe simu mwandike.

Tarehe 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bungeni. Mtaro wenu usipokuwa humo, umechelewa.

Mwisho wa Februari: waraka wa sera ya fedha. Unasema kila idara ipate kiasi gani.

Tarehe 30 Aprili: makadirio ya bajeti yanafika Bunge la Kaunti. Mei na Juni bunge linapokea maoni na kupitisha.

Baada ya hapo, ndani ya siku 90: Sheria ya Fedha, ile inayopanga ada za soko, za kupaki na za leseni.

Na msidhani kushirikishwa ni kupewa soda ukumbini. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioenda mahakamani walikuwa wananchi kama nyinyi.

13.
Namalizia. Wengi wetu tunakutana na kaunti siku mbili tu: siku ya kura, na siku kanjo amebeba mali. Katikati kuna miaka mitano ya tarehe hizo nimewapa, na kumbi zinakuwa na viti tupu. Wanaojaza ni wakandarasi, na siwalaumu, wanajua pesa inapangwa lini.

Ombi langu ni dogo. Mtaa huu uchague watu watatu, si wanasiasa. Mmoja ashike daftari la tarehe. Mmoja asome ukurasa wa wadi yetu kwenye makadirio mwezi wa tano. Mmoja awe anamwuliza mheshimiwa wetu, kwa heshima na kwa maandishi, alipigaje kura kwa bajeti. Siku wagombea wakija hapa na vipaza sauti, tutakuwa na karatasi mkononi, na swali letu litakuwa fupi: kati ya zile shilingi ishirini, yetu iko wapi?

 Maswali sasa.